Pingamizi la Kitanda cha Tatu kwa Sita

Usiku wa jana niliota nimekwenda bomani na mchumba wangu, Ladislaus, kuandikisha ndoa. Tulikwenda bomani kwa sababu mimi ni Mwislamu, yeye ni Mkatoliki, na kila ukoo ulitaka wa upande wa pili ndiye abadili dini. Hakubadili mtu.

Karani alikuwa muhuri wa mpira, mnene kama pipa, amevaa miwani. Hilo halikunishangaza. Nilichoshangaa ni kwamba alitusalimia kwanza.

"Karibuni sana," akasema. "Sheria inataka mbandikwe ubaoni, ili mwenye pingamizi ajitokeze."

"Libandikwe tangazo," nikamsahihisha.

"Dada, tangazo ndio nyie. Simameni vizuri."

Sijamaliza kubisha, nimeshabandikwa. Pini bega hili, pini bega lile, juu ya gauni langu la kulalia, ambalo sikujua kama nimetoka nalo nyumbani. Kioo kikafungwa mbele yangu. Ladislaus akabandikwa kwenye ubao wa pili, tukitazamana, akafungiwa kioo chake. Nilimwita. Midomo yake ilicheza tu, sauti haikunifikia.

"Tulia mwanangu, utachanika," ubao ukaniambia kutoka mgongoni. Nilipigwa na butwaa. Ulikuwa na sauti ya mama mtu mzima, mwenye mafua.

Nafumba macho, nafumbua, mbao zetu ziko sokoni. Mama mmoja aliyebeba nyanya anavaa miwani, ananisoma usoni kwa sauti: "Sikudhani Mrisho, miaka thelathini na sita. Ee! Kumbe mtu mzima huyu!" Soko zima linageuka. Natamani ardhi ipasuke.

Karani anapaza sauti. "Mwenye pingamizi?"

Watu wanatazamana. Halafu nasikia miguu ya mbao ikija, ko, ko, ko. Ni kitanda cha Ladislaus, kile cha tatu kwa sita, shuka la mistari limeteleza upande mmoja.

"Napinga," kinasema. "Kwanza mimi ni wa mtu mmoja. Pili, huyu bwana namjua kuliko nyie wote. Kila akilala anasema neno lile lile."

"Neno gani?"

"'Ataniacha.' Anasema, 'Sikudhani ataniacha.' Mtu mwenye hofu hiyo mnamwozeshaje?"

Ladislaus huyu, anayetania watu mpaka msibani! Ladislaus ambaye wajomba zangu walipomfukuza uani alirudi kuulizia kofia yake huku anacheka! Namtazama kupitia vioo viwili. Ameinamisha kichwa, hacheki. Niliona aibu kwamba nilikuwa sijui, na niliumia.

"Bibi harusi ajibu," karani anasema. "Asipojibu, ndoa hakuna, na mtakaa hapo juani mpaka mpauke."

Nafungua mdomo, sauti haitoki. Ubao unanisukuma mgongoni. "Sema tu, mwanangu. Mimi nakusikia."

"Simwachi!" nikapiga kelele, kioo kikajaa ukungu. "Simwachi ng'o, hata tulale wawili kwenye hicho hicho cha tatu kwa sita!"

"Amejibu," ubao ukasema, ukapiga chafya.

"Basi pingamizi linatupiliwa mbali," karani akasema. Palepale akakinyanyua kitanda na kukirusha juu ya mapaa ya soko. Kilikwenda kikilalamika kuhusu godoro lake. Sikusikia kikianguka.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na jirani alikuwa anafagia uwanja. Nilipovua gauni nikaona matundu mawili, moja kila bega, na kila tundu lina kutu pembeni. Nilikaa nikiyatazama mpaka simu ilipoita.

"Siku," alisema Ladislaus kwa sauti ya chini. "Usinicheke. Nimeamkia sakafuni."

"Umeumia?"

"Hapana. Pale ubaoni uliniambia kitu. Kioo kilikuwa kinene, sikusikia. Hebu rudia."