Kibati cha Mke Mkubwa

Mwaka ule kampuni ya madini karibu na Lusangi ilipoanza kuwatibu wafanyakazi na familia zao, Bulaimu aliitwa ofisini achague. Karani alimweleza bila kumtazama: "Kampuni inatunza muke moja tu, na watoto wa tumbo yake. Ule mwingine, utajua wewe."

Bulaimu alikuwa na wake wawili. Mwamini, mkubwa, hakuwahi kuzaa. Zaina, mdogo, alikuwa na Atumani, mtoto wa miaka mitatu. Mtu mwenye akili angemtaja Zaina, sivyo? Lakini kwao Wamaza mke mkubwa harukwi. Ukimruka, utachekwa hata na mbuzi wa jirani. Basi akamtaja Mwamini, na Mwamini akapewa kibati chenye namba, akakivaa shingoni kama bi harusi. Mafua yakimshika, anapewa dawa dispanseri. Zaina akiugua, anachemsha majani. Mwamini aliliona hilo na, tuseme ukweli, lilimfurahisha.

Ila alichokipenda kuliko kibati ni Atumani. Kwa desturi yao, mtoto wa kwanza wa mke mdogo akishaachishwa ziwa huhamia mkekani kwa mke mkubwa. Atumani alikula mkononi mwa Mwamini na kumwita mama. Mama yake mzazi, mtoto alimwita Zaina tu, kama watu wengine.

Masika yale Atumani akashikwa na kifua. Kila akipumua, mbavu zinabonyea ndani. Bulaimu aliacha kazi akaenda kuomba mtoto atibiwe. Walinzi walimlaza kifudifudi, wakamchapa kiboko kwa kuacha kazi bila ruhusa, hadi suruali ikagandamana na damu. Alirudi nyumbani akitambaa.

"Nitamupeleka mimi," Mwamini akamwambia Zaina. "Nitasema ni wa tumbo yangu. Weye bakia hapa. Wakikuona, mutoto anakufa."

"Ndiyo, yaya," Zaina akajibu, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa.

Mlango wa dispanseri ulilindwa na Roger, mgeni aliyeletwa juzi kutoka Kasongo, fimbo mkononi. Mbele ya Mwamini mwanamke mmoja alijaribu kupita na mtoto wa dada yake. Roger alimpiga fimbo ya shingo, akaanguka matopeni na mtoto mgongoni. Mwamini akainua kibati.

Roger akamgeukia Atumani. "Mama yako ni nani?"

Mtoto akajikunja kifuani kwa Mwamini. "Mama," akasema kwa pumzi iliyobaki.

Roger alikuwa ameshasogea pembeni awapishe, Zaina akatokea mbio, kitenge kimemfunguka. Alishindwa kukaa nyumbani. "Atumani! Mutoto wangu!"

Fimbo ikashuka mbele ya mlango. "Mama yake ni nani hapa?"

Mwamini alimweka mtoto chini. Hakungoja moyo wake umshauri. Alimrukia Zaina, akampiga ngumi ya mdomo. "Mwizi wa watoto! Tasa weye! Umekosa wako, unataka wangu?" Neno hilo la tasa alikuwa ametupiwa yeye miaka yote, na sasa alijua pa kulitupa. Akamshika nywele, akamgonga uso kwenye nguzo. Jino likaruka. Zaina aliinua mikono ajitetee, macho yao yakakutana, akaishusha. Akapigwa bila kujikinga. Mwamini alilia huku akipiga, na akazidi kupiga, maana Roger alikuwa anatazama.

Roger akacheka. "Huyu ndio mama kweli. Ingiza mutoto." Akamsindikiza Zaina kwa teke la ubavu.

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliyesema hivyo hakumjua Mwamini.

Atumani alichomwa sindano, na akapona. Siku alipoweza kutembea, Zaina alikuwa bado anakunywa uji tu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Yaya," akasema, "ulipiga vizuri."

Mwamini alitandika mkeka wake, akaketi, akanyoosha mikono kumwita mtoto. Atumani akaitazama ile mikono. Akarudi nyuma hadi kwenye miguu ya Zaina, akaikumbatia.

"Nenda kwa mama yako," Zaina akamsukuma taratibu.

Mtoto akapiga kelele kama aliyechapwa. "Mama," akamlilia Zaina, "ule mama atanipiga!"

Mwamini akakunja mkeka, kibati kikimgonga kifuani.