Sema Huna Mtu

Vumbi la njia ya Idodi halina adabu. Linaingia bila hodi, linalala kwenye mto kama mgeni aliyekuja kusalimia akaonja uji na kukuta mtamu. Kiangazi kizima linapanda na magari ya watalii, linashuka na ng'ombe, jekundu, laini, lenye kiherehere. Asubuhi Devota hulifagia kutoka uani mpaka barabarani. Jioni linarudi kutoka barabarani mpaka uani. Na mama yake, Bibi Apolonia, hukaa juu ya kigoda mlangoni akiwatazama wawili hao wanavyogombana, na hajui amhurumie nani.

Kukaa anaweza. Kuinuka ndiyo taabu. Magoti yamemgomea tangu alipofiwa na mumewe.

Mume ni Bartholomeo, amelala nyuma ya nyumba, chini ya msalaba wa mbao, kaburi halijasakafiwa bado. Siku ile ya kumzika kila mtoto alitakiwa kutupa udongo wake. Devota alitupa. Marcelino, mtoto wa kiume, wa pekee, aliyeko Uingereza, aliletwa kwa simu. Jirani aliinyoosha simu juu ya shimo, na Marcelino akatazama mazishi ya baba yake, mdogo kwenye kioo kama picha ya pasi ya kusafiria. Alilia, ndiyo, alilia sana. Udongo hakutupa. Udongo utautupaje kwa simu?

Basi simu ileile ndiyo ikaja na neema. Mama aende Ulaya!

"Nimepata wakili, Mama. Kuna viza ya mzazi tegemezi. Ila daktari aandike kwamba hujiwezi. Kuoga huwezi, kupika huwezi, kuvaa huwezi."

"Na kusema?"

"Kusema unaweza kidogo."

"Kidogo! Basi hapo ndipo tutakapokamatwa."

Marcelino hakucheka. Huko aliko, kicheko nacho labda kina viza yake. "Na jambo moja, Mama. Wakikuuliza nani anakutunza, sema huna mtu."

Sema huna mtu. Neno likatoka kwenye simu, likavuka mlango, likapita juu ya beseni la maji ya moto, na aliyebeba beseni ni Devota. Devota aliyeacha meza yake ya viazi kule Uyole, akaiacha mvua ya Mbeya na ukungu wake mtamu, akaja kumeza vumbi ili mgongo wa mama yake uguswe na sabuni.

Beseni hakulimwaga. Aliliweka chini taratibu, kama anayeweka yai.

"Maji hayo, Mama," alisema. "Sijui nani kayaleta."

Ilianza hivyo vita ya nyumba ile. Ugali ulifika mezani bila mikono. Kitanda kilitandikwa bila mtu. Moto uliwaka wenyewe, moshi ukanuna wenyewe. Bibi Apolonia akiita, "Devota! We Devota, niinue!" sauti ilijibu kutoka jikoni:

"Hayupo."

"Na aliyejibu?"

"Upepo."

Upepo gani huo wenye ndita! Upepo gani unaopiga sufuria! Lakini bibi naye alikuwa jeuri, na jeuri ya mzee ni jiwe la mafiga, halipoi upesi. Ameshatangaza kwenye jumuiya kwamba anakwenda Ulaya, wanawake wameshampigia vigelegele, atarudije nyuma? Alijifunza kutetemeka. Alitetemesha mkono wa kulia, akatetemesha wa kushoto, akachagua wa kushoto kwa sababu una huzuni zaidi. Akajifunza na lile neno. Alilitamka polepole mbele ya kikombe cha chai, huna mtu, sina mtu, mpaka chai ikaota utando.

"Ni maneno tu," aliuambia upepo. "Maneno hayachomi."

Devota akatokeza kichwa mlangoni. "Basi anza kumwambia baba. Yupo hapo nyuma tu. Mwambie huna mtu."

Bibi hakwenda. Alisingizia magoti.

Siku moja Esnath, mke wa Marcelino, naye akaja kwenye simu, ameng'aa kama sahani ya sikukuu. "Mama, mapacha wanakusubiri! Ukija utatusaidia kuwaogesha, sisi huku kazi zinatumaliza."

Bibi Apolonia akainamisha kichwa, akawaza. Kwa daktari asiweze kujiogesha. Kwa mkwe aweze kuogesha mapacha. Uzee gani huu wa kukunjwa na kukunjuliwa kama mwavuli?

Akatetemesha mkono wa kushoto.

Asubuhi ya kwenda kwa daktari mjini Iringa, Hayupo aliingia chumbani na beseni. Alimsugua mama yake mgongo, shingo, katikati ya vidole vya miguu, kwa nguvu, bila neno.

"Kumbe unaniogesha?" bibi akachokoza.

"Hata maiti huoshwa."

Akamfunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, mpaka cha kooni, na cha kooni kikabana kidogo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti ya upole. "Kamwene, bibi," akamsalimia kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu." Mkono ukatetemeka vizuri sana, daktari akaandika. Kuinuka peke yako? Siwezi. Kupika? Siwezi, moshi na magoti havipatani. Yote kweli, Mungu shahidi.

"Na kuoga, nani anakuogesha?"

Devota alisimama karibu na mlango, kandambili za mama yake mkononi, anautazama ukuta. Neno lilikuwa tayari. Lilishapikwa, likapakuliwa, lilibaki kumezwa tu. Bibi Apolonia akafungua kinywa, na kifungo cha kooni kikambana.

"Huyo hapo," alisema. "Anaitwa Devota. Nimemzaa mwenyewe. Leo kaniogesha amenuna, ila maji yalikuwa ya moto sawasawa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Bibi, nikiandika hivyo, viza hawatakupa."

"Andika. Na uandike kwa herufi kubwa."

Kandambili zikaanguka. Hakuna aliyeziokota.

Habari ikafika Uingereza kabla magoti hayajapumzika. Simu ikalia, imevimba kwa hasira. Devota akaishika mbele ya uso wa mama yake, mkono umenyooka.

"Mama, umeharibu! Neno moja tu, Mama! Neno moja! Mimi huku nakuota umekufa, nashindwa kuja! Unataka kufia kwenye vumbi hilo?"

Bibi Apolonia akamwambia Devota, "Niinue. Nipeleke kwa baba yako."

Walikwenda, mmoja akiwa fimbo ya mwenzake. Nyuma ya nyumba bibi akainama, akilaani goti hili na goti lile, akachota udongo juu ya kaburi, kiganja tele.

"Marcelino."

"Mama."

"Udongo wako ulibaki tangu siku ile. Nimekutunzia."

Akaurusha. Wote. Kwenye simu, usoni pake, huyo mdogo kama picha ya pasi.

Marcelino akaruka nyuma. Kisha, akiwa ameshasahau alipo, akavuta mkono wa sweta akafuta kioo, akafuta, akafuta tena. Lakini alifuta upande wake, na vumbi lilikuwa upande wa huku.

"Mama, sikuoni! Mama! Nasikia mtu anacheka. Nani huyo?"

Devota alikuwa ameshika tumbo, machozi yanamtoka, simu inayumba mkononi.

"Nani yuko hapo, Mama?"

"Mtu," alisema Bibi Apolonia.

Vumbi likatulia juu ya kioo, jekundu, laini, lisilo na adabu. Na safari hii Devota hakulifagia.