Sema Uvimbe Tu

Daktari wa upasuaji alimuuliza mwanangu kama anakohoa. Mwanangu, mwanamke mtu mzima, mwalimu wa chekechea anayenyamazisha darasa zima kwa jicho moja, akanitazama mimi kwanza.

“Ni chaki, dokta,” nikajibu. “Kutwa anakula vumbi la chaki.”

“Mama, nimemuuliza yeye.”

Tulikuwa tumeitwa kwa haraka. Uvimbe wa titi ulishatobolewa kwa sindano, majibu yakaja saratani, na upasuaji ukapangwa Alhamisi. Nami nikapanga yangu: nani atakaa na mjukuu, nani ataenda shuleni kumwombea ruhusa, nguo zipi zenye vifungo mbele. Mimi ni msimamizi wa bohari ya kiwanda cha mikate. Nisipopanga, watu hawali. Sasa daktari anatuambia kile kinyama kilichotolewa na sindano kimetazamwa tena kwenye hadubini, na hakifanani na kitu kilichozaliwa kwenye titi.

“Umekohoa kwa muda gani?” akauliza tena.

“Muda kidogo,” akasema mwanangu.

“Kidogo cha wiki au cha miezi?”

“Watoto walifunga shule nakohoa. Wakafungua. Wakafunga tena.”

“Mbona siku ya kwanza nilipouliza kama kuna kingine kinachokusumbua niliambiwa hakuna?”

Mwanangu akainamisha kichwa. Hakuwa amesema yeye. Nilisema mimi.

Asubuhi ya siku ile ya kwanza, tukiwa kwenye foleni, nilimwonya: sema uvimbe tu. Ukianza habari za kikohozi watakusukumia chumba cha kifua, utapewa dawa ya maji na tarehe ya kurudi, na uvimbe wako utabaki palepale. Mshika mbili moja humponyoka. Akacheka: “Sawa, bosi.” Alipoanza kukohoa mbele ya muuguzi, nilimtia pipi ya mnanaa mkononi. Nilijiona mama mwerevu.

Daktari akampeleka kwenye picha ya kifua, ile ya kulala ndani ya mashine ya duara. Kesho yake tukarudi kusikiliza. Daktari hakuzungusha maneno.

“Kuna bonge kwenye pafu la kushoto. Saratani imeanzia hapo. Ile nyama ya titi tumeitia rangi maalumu za maabara, nazo zimetuonyesha ni nyama ya pafu. Kwenye titi ni mgeni tu. Mwenyeji yuko kifuani.”

“Huyu hajawahi kuvuta hata sigara moja!” nikasema, kana kwamba nadai haki dukani.

“Wapo wengi wasiovuta wanaoipata.”

“Basi kateni kote kuwili.”

“Hatukati, mama. Ikishatembea, kisu hakiwezi kuikimbiza. Alhamisi nimeifuta. Tunatafuta dawa itakayoifuata kila ilipo. Kuna vipimo vingine vya kutuambia ni dawa ipi.”

Mwanangu akashika titi lake juu ya blauzi. “Kwa hiyo hili mngelikata bure?”

“Kwa kweli, bure.”

“Mngemjua mama yangu. Angedai lirudishwe bohari.”

Akacheka peke yake, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja. Nilimpapasa mgongoni.

“Ni mimi niliyemkataza kusema kikohozi,” nikamwambia daktari. “Tungesema siku ile, ingekuwaje?”

Akaweka kalamu chini. “Tungeanza na kifua siku ileile. Pengine ilikuwa imeshatembea, pengine la. Sijui, mama, na sitakudanganya.”

Nilitaka anikaripie au anisamehe. Hakunipa hata kimoja. Akavuta kiti karibu na mwanangu.

“Sasa tuanze upya. Nataka kila kitu, kuanzia utosini hadi unyayoni. Hata kile unachokiona upuuzi.”

“Usingizi wake ni mzuri,” nikaanza, “na chakula anakula, isipokuwa—”

“Mama,” mwanangu akasema polepole. “Nisubiri nje.”

“Lakini mimi ndiye ninayejua—”

“Nisubiri nje, mama yangu.”

Tangu nimzae hajawahi kunitoa chumbani. Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Mlango haukufungika sawasawa. Nikasimama ubavuni mwake kama mwizi.

“Mgongo, dokta. Hapa, chini ya bega. Usiku nalala nimekaa.”

Tunaishi nyumba moja. Kati ya kitanda chake na changu kuna ukuta tu.

“Na mkono huu unakufa ganzi. Na juzi nilipochora mstari mmoja ubaoni niliona miwili, nikadhani ni uchovu.”

“Endelea,” daktari akasema.

Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya mwanangu ikashuka, ile ya mtu anayeogopa kusikiwa upande wa pili. Nikaelewa upande wa pili ni nani. Kivuli changu kilikuwa kinaonekana pale penye mwanya.

Masikio yangu yalitaka kubaki. Nilitaka kujua yote, niyapange, nijue tunaanzia wapi. Nikageuka, nikatembea mpaka benchi la mwisho karibu na ngazi, ambako hata nikitega sikio sisikii kitu, nikakaa. Muuguzi akapita akaniuliza kama nasubiri kuonwa.

“Hapana,” nikamjibu. “Mwanangu anaongea na daktari.”