Themanini ya Filomena

Kwa miaka tisa Mzee Qamara aliendesha gari lisiloonyesha kitu. Lilikuwa gari dogo la zamani, la aina ile ambayo dashibodi yake haina mishale bali namba za kijani zinazowaka. Alilinunua alipostaafu kazi ya ubwana shamba. Kabla ya hapo alizoea pikipiki tu. Wiki ya tatu namba zikafifia, zikawa zinawaka na kuzimika siku mbili, kisha zikazimika kabisa. Mafundi wawili wakamshauri atafute dashibodi nyingine, naye hakujisumbua.

Hakujisumbua kwa sababu alikuwa na Filomena, mkewe. Kila mwezi walitoka Hirbadaw kwenda Haydom, Filomena akapimwe presha na kuchukua dawa. Alikaa kiti cha kushoto, mkoba mapajani. Walipofika pale barabara inaponyooka katikati ya mashamba ya ngano, alisikiliza injini kidogo, kisha akasema bila kugeuka, "Themanini hiyo, baba Erica." Qamara akainua mguu. Siku nyingine alisema, "Tisini sasa," na siku hiyo Qamara alijiona dereva hasa. Alikuwa akiwaambia wenzake baada ya ibada kwamba mke wake ana sikio la ajabu, anasoma spidi kwa mlio.

Sasa Filomena alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Macho ya Qamara yalianza kuchoka, na gari lilikuwa liende kwa binti yao Erica, mwalimu huko Mbulu mjini. Erica alilikubali kwa sharti moja. "Mimi siendeshi gari kipofu, baba."

Ndipo Qamara akaenda Haydom kwa Hilda, aliyekuwa na kibanda cha ufundi nyuma ya stendi. Marehemu baba yake Hilda alikuwa fundi redio, na Qamara alikuwa mteja wake tangu enzi za redio za mbao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Hilda alifungua dashibodi kwa bisibisi, akaitoa, akaibeba ndani kama anayebeba sahani ya mayai. Chini ya taa akaikagua kwa lenzi, kisha akamwita.

"Tazama hapa. Kioo chenyewe ni kizima. Ni lehemu iliyopasuka, kwa joto na kwa mtikisiko wa barabara zetu. Umeme ukifika hapa unakwama."

Qamara aliona ufa mwembamba kama unywele kuzunguka mguu wa waya. Hilda akapasha moto chuma chake, akaanza kulehemu upya, mguu mmoja baada ya mwingine. Moshi ulipopanda, harufu yake ilimrudisha Qamara mbali. Aliliona benchi la nje la fundi mzee, na Filomena akiwa bado binti mwembamba, amekataa kurudi nyumbani mpaka redio ipone, kwa sababu jioni ile kulikuwa na kipindi cha salamu na shangazi yake alikuwa ametuma jina lake. Redio ilipoamka walikuwa wamechelewa. Walikuta wanasoma majina ya watu wa Singida. Filomena aliyasikiliza yote hadi mwisho.

"Washa sasa, baba," Hilda alisema akiisha kuirudisha dashibodi mahali pake.

Qamara akazungusha ufunguo, na namba zikawaka kijani, sifuri safi katikati.

Walitoka kuijaribu, wakashika barabara ya upande wa Bashay. Njia ilipofunguka Qamara alikanyaga mafuta mpaka injini ikatoa ule mlio anaoujua.

"Hii ni themanini," alisema.

Dashibodi ilisema hamsini na nne.

"Haijapona," Qamara akasema. "Inadanganya."

Hilda alikunja uso. Akatoa simu yake, akafungua programu inayopima mwendo kwa setilaiti, akaishika karibu na usukani. Simu nayo ilisema hamsini na nne.

"Ongeza, baba."

Akaongeza. Sitini. Sabini. Gari likaanza kuyumba kwa namna asiyoifahamu, usukani ukatetemeka mikononi. Ilipofika sabini na sita aliinua mguu mwenyewe, akaegesha pembeni penye alizeti. Miaka tisa yote hakuwahi kufika themanini.

"Nani alikwambia ile ni themanini?" Hilda aliuliza.

"Mama Erica."

Hilda alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

Jioni, akiwa amefika nyumbani, Qamara alimpigia Erica simu. Alimweleza yote, lehemu, simu ya Hilda, hamsini na nne. Erica hakushangaa.

"Ulikuwa unajua," Qamara alisema.

"Nilikuwa najua, baba."

"Sasa alikuwa anaongeza ngapi?"

"Hakuwa anaongeza. Mama hakujua namba hata moja. Aliniambia tumbo likianza kumkaa vibaya anasema themanini. Likimkaa vibaya zaidi, tisini."

Qamara alikaa kwenye kigoda mlangoni. Mbuzi walikuwa wanarudi, na vumbi lao lilining'inia juu ya ua.

"Angeniambia tu kwamba anaogopa."

"Ungepunguza?"

Alifikiri. Alijikumbuka alivyokuwa miaka ile, mtu wa pikipiki, akisikia neno uoga anacheka.

"Hapana," alisema. "Ningecheka."

"Basi."

Hakuna aliyekata simu. Baadaye Qamara akasema gari liko tayari, aje Jumamosi alichukue, wapitie kwanza kaburini kupalilia, majani yameshaota.