Mchicha Uliofungishwa Ramadhani

Bwana shamba alipita Kibra akamwambia mume wangu Murjan, askari mstaafu wa Mwingereza, kwamba majani hujitengenezea chakula kwa maji, hewa na mwanga wa jua.

"Yanakula mchana? Ramadhani hii? Kwangu?" Murjan akafoka.

Alfajiri akafunika mchicha wangu wote kwa magunia. Jua lilipozama akaufunua. "Haya, futuru!"

"Ufuturu nini, mwezi?" nikamuuliza. Akaniambia nisimharibie swaumu.

Akaendelea hivyo kila siku, mpaka mchicha ukawa wa manjano kama ndizi mbivu, umelala chini hoi. Murjan akachutama, akaugusa, akaguna.

"Zeinabu, una nini huu?"

"Unaumwa," nikamjibu. "Na mgonjwa hafungi. Ufunue, ule!"