Jua Ndani ya Sufuria ya Pilau

Baada ya adhuhuri Thuwein alichutama uani, katika kijiji kilicho nyuma ya Msuka, akiipaka bati jipya sufuria kubwa ya shaba ya maharusi. Bati lilishayeyuka, naye alikuwa akilisambaza kwa bonge la pamba, pale jua dogo, kiasi cha ndimu, lilipoingia sufuriani na kuelea katikati.

"Lishakula?" aliuliza Ghania, mkewe.

Lilikuwa na njaa. Lilitoka Wete, ambako lilishatoboa mapipa ya chuma ya wahandisi waliotaka kulifungia. Ghania alilinyunyizia kijiko cha maji ya bahari, likachangamka.

Chuma kigumu kikichomwa na jua lile hupasuka. Bati lililoyeyuka halikuwa na cha kupasuka. Jua lilipolichimba, bati lilitiririka likaziba palepale. Thuwein alizungusha pamba, jasho likimtoka. Jirani yao Ngwali alichomeka waya wa redio ukingoni, taarabu ikalia mpaka barabarani.

"Leo umetia jua sufuriani," alisema Ngwali. "Kesho utatutilia mwezi chunguni?"

"Lete chungu."

Watu walijaa uani, kila mmoja na waya wake.

"Friji kwanza," alisema Ghania, akionyesha friji kuukuu waliyoifanya kabati. Binti yao Duni alikuwa na sukari, na insulini yake ilikuwa ikiharibika kwa joto. Nguzo za umeme hazijawahi kufika kwao.

Mhandisi Othman alikuja mbio kutoka mjini. Aliinama juu ya sufuria, akacheka peke yake, akamkumbatia Thuwein.

"Ukuta usioumia, ami! Dunia nzima inautafuta huu."

Kabla ya magharibi waya za majirani zilishang'olewa sufuriani na nguzo ndefu zilishasimikwa, moja uani hapo hapo. Waya zilipita juu ya paa la Thuwein zikiunguruma, mpaka Wete, mpaka Chake. Kisiwa kikawaka. Vigelegele vya mtaa wa Jadida, kule Wete, vilisikika mpaka uani.

"Na sisi, mwanangu?" aliuliza Ghania.

"Umeme huu mkubwa, Bi Ghania. Hauteremki majumbani bila transfoma. Transfoma yenu imo awamu ya pili."

"Awamu ya pili lini?"

"Itatangazwa."

Asubuhi Thuwein alikuwa bado anazungusha pamba, anaimba. Ghania alililisha jua. Kisha alirowesha mchanga, akaifukia chupa ya insulini ya Duni kwenye kivuli cha nguzo, na kila kivuli kiliposogea, aliifukua akaihamisha.