Paka Katibu na Mfungo wa Kwaresima

Ijumaa, tarehe 12 Machi 1999. Manyunyu ya alfajiri yalikuwa yamekatika, na juu ya migomba ya Masama kilele cha Kibo kilijitokeza cheupe, kimevikwa theluji mpya. Aikande alimshukuru Mungu aliyeuweka mlima, kama alivyofanya kila ulipoonekana, kisha akaingia ndani kumchoma Katibu sindano.

Katibu alikuwa paka wa rangi ya majivu. Jina alipewa na akina mama wa kikundi cha maombi, kwa kuwa hakukosa kikao hata kimoja, na alikaa mbele akiwakazia macho kama anayeandika mahudhurio. Mwaka uliopita alianza kunywa maji kama ndama, na kukonda huku anakula. Sisimizi wakawa wanajipanga pale alipokojoa. Aikande alipomweleza bwana mifugo Eliezeri, yeye alicheka. Alipopima, kicheko kikamwishia: Katibu alikuwa na kisukari, ugonjwa uleule wa mume wa Aikande, mzee Ndelilio.

Tangu hapo nyumba ikawa na wagonjwa wawili. Chupa zao za insulini zilikaa pamoja kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi. Ndelilio alipimwa kidoleni, Katibu sikioni, kwa kimashine kimoja walicholetewa na binti yao Gladness, muuguzi wa mjini Moshi. Katibu akipata namba nzuri, mzee alinuna.

"Yeye haalikwi kwenye pombe ya mbege," alijitetea.

Eliezeri aliwaachia agizo moja: "Mama, kwanza ale. Ukishamwona amekula, ndipo umchome."

Na ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Aikande aliinjika chai, pembeni akachemsha vipande vya mapafu ya ng'ombe, paka akala, sindano ikafuata. Lakini Ijumaa hii ilikuwa siku ya mfungo wa kikundi, na jiko halikuwashwa. Mzee, ambaye daktari alimkataza kufunga, aliwekewa mtori wa ndizi na nyama kwenye hotpoti tangu jana. Aikande aliomba, akavuta dawa mistari miwili, akainua ngozi ya shingo, akachoma. Mikono iliijua kazi yake. Ni sufuria tu ambayo haikuwepo kuikumbusha.

Akina mama walipofika, Elisifa, mcheshi wao, alimkuta Katibu amejilaza kimya kwenye mkeka.

"Bwana Yesu asifiwe! Leo Katibu hata hanidai dagaa?"

"Jiko langu halijawaka tangu jana," Aikande alisema, akijivuna kidogo. "Amefunga pamoja nasi."

"Haleluya! Kumbe tunaye Mlutheri wa miguu minne!"

Wakacheka, wakaanza wimbo. Katikati ya ubeti wa pili Katibu aliinuka, akayumba, akaanguka ubavu. Miguu yake ikatetemeka.

Ndelilio alikuwa mlangoni na bakuli lake la mtori. Aliujua mtetemeko ule. Siku moja ulimwangusha yeye mwenyewe katikati ya mibuni.

"Mama Gladness, umemchoma?"

"Nimemchoma."

"Amekula nini?"

"Jiko..." Aikande alisema, akakimbilia kimashine.

Kimashine kilisema mbili kasoro: sukari ilikuwa imeshuka mno. "Asali!" mzee akaamuru. "Msimmiminie, atapaliwa. Mpakeni kwenye fizi."

Aikande alipiga magoti. Kidole chenye asali kikapita kwenye fizi za paka, kikarudi, kikapita tena. "Bwana," aliomba, "kosa ni langu, si lake. Usimchukue." Elisifa alikishika kichwa cha paka, na yule aliyewachekesha wenzake sasa machozi yalimtiririka.

Ulimi ukatokeza. Katibu akalamba, akalamba tena, kisha akamng'ata Aikande kidole mpaka damu ikatoka.

"Asante Yesu!" Aikande alipiga kelele. "Ananing'ata!"

Ndelilio alichota nyama kutoka kwenye mtori wake, na Katibu akaila akinguruma. Walipompima tena, namba ilikuwa sita.

"Nzuri kuliko yangu," mzee akanung'unika, "na nyama yangu ameimaliza. Asichomwe tena mpaka Eliezeri amwone."

Akina mama walicheka wakishika viuno.

"Mama Gladness," Elisifa alisema akijifuta macho, "huyu hukumwuliza kama anataka kufunga. Mfungo wa kulazimishwa, malaika hawauandiki."

"Kweli, dada yangu. Nilijisifia njaa ya mwenzangu."

Aikande akasimama, asali bado mkononi, akampakata Katibu.

"Sikieni nyote, na wewe Baba Gladness. Mbele za Mungu na mbele yenu naahidi: nifunge nisifunge, jiko la Katibu litawaka kila asubuhi, na sindano haitaigusa ngozi yake kabla macho yangu hayajaiona sahani yake tupu."